Malalamiko Dhidi ya "Amri Moja Tu"

Ndugu Mtunzaji,

KUHUSU: AMRI YAKO MOJA ILIYOZAA NYINGINE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana nina mengi ya kukueleza, na mgonjwa haelezwi mengi. Mimi ni fundi kompyuta wa hospitali ndogo.

Shangazi yangu, aliyenilea, ndiye muuguzi wa mapokezi. Miaka yote ameita majina ya wagonjwa kwa kupaza sauti, huku watoto wanalia na viti vinaburutwa. Sasa koo limechoka. Daktari amemwambia asipoipumzisha sauti hiyo ataipoteza kabisa. Basi nikamwahidi, mbele ya watu, kwamba ikifika Jumatatu kompyuta itaita majina badala yake. Nilitegemea maktaba yako ya programu, ile ya kusoma maandishi kwa sauti, uliyoigawa bure kwa dunia nzima. Jumatatu imekuja na kupita. Shangazi bado anaita, na sauti inakwaruza kama mlango usiopakwa mafuta.

Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya:

1. Umeandika kwamba kuiweka maktaba yako kwenye kompyuta ni "amri moja tu". Niliiandika amri hiyo, nikabonyeza, nikakunja mikono kwa raha. Skrini ikajaa maandishi mekundu. Nilielewa mstari wa mwisho peke yake, uliosema imeshindikana. Hilo hata mimi nilikuwa nimeliona.

2. Maktaba yako haiji peke yake. Ilitaka nyingine iwekwe kwanza. Hiyo nayo ikamtaka dada yake, dada akamtaka mjomba, tena si mjomba yeyote, bali wa toleo la zamani, ambaye hapatani na dada. Nilichumbia mmoja, nikaletewa ukoo mzima, na bibi harusi mwenyewe hajaonekana hadi leo.

3. Ili kuwaridhisha wakwe hao, nilibadilisha toleo la lugha yenyewe inayoandikiwa programu kwenye kompyuta yetu. Programu ya chumba cha dawa, iliyokuwa ikiishi humo kwa amani, ikafa palepale. Mfamasia sasa anaandika lebo kwa mkono, na nikimsalimia anageukia rafu.

4. Nilikwenda kwenye ukurasa wako wa maswali. Nikamkuta mtu mwenye kosa langu hilihili, neno kwa neno. Ndugu, nilikaribia kulia kwa furaha. Chini yake hakuna aliyemjibu, isipokuwa yeye mwenyewe, aliyeandika: "Nimeshatatua. Asanteni." Basi, kaishia hapo. Hili limeniuma kuliko yote. Mtu anavuka mto, anavunja daraja, halafu anashukuru! Amelelewa na nani? Naomba umfungie ukurasa wako, na kama unamjua mama yake, apelekewe habari.

5. Nilipouliza swali langu ulilifunga, ukasema limeshajibiwa. Ukanielekeza kwa mchoyo huyohuyo.

Wewe uliahidi amri moja, nami nikaahidi kwa kuiegemea ahadi yako; kwa hiyo aliyemwahidi shangazi yangu ni wewe. Naomba ufike hapa mapokezi, ukae kwenye kiti chake, uite majina kwa koo lako mwenyewe mpaka maktaba itakapokubali. Maji ya kunywa tutakupa. Uje na yule mjomba wa toleo la zamani mpokezane.

Nisalimie wachangiaji wote wa mradi wako, wanaojua na wanaojifanya wanajua. Wasalimie wazazi, na watoto kama umejaliwa. Shangazi angekusalimu, ila anaokoa sauti. Mfamasia hakusalimu.

Mimi wako niliyezama katika maandishi mekundu,

Fundi kompyuta

Baada ya kuandika: Kabla sijaituma barua hii, maktaba imekubali! Asubuhi kompyuta imeita jina la kwanza, wazi kabisa, na mgonjwa akainuka. Shangazi alinishika mkono, machozi yanamlengalenga. Kwa hiyo usije, na yote niliyoandika hapo juu uyasamehe. Pale kwenye swali la yule mchoyo nimemkuta fundi wa hospitali nyingine. Anasema wamekwama kama nilivyokwama, na muuguzi wao sasa ananong'ona tu. Ananisihi nimweleze nilifanyaje. Nilikuwa na furaha nyingi na haraka kidogo, lakini adabu ni adabu, sikumwacha bila jibu. Nimemwandikia: "Nimeshatatua. Asanteni."