Nilivyomsaidia Msaidizi Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Msaidizi wangu karudi kutoka mafunzo ya uongozi. Wiki nzima hotelini, kala vya bure, kapewa na begi! Mimi, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali hii tangu mashine zikiwa mpya, sikuitwa. Mkurugenzi kaniagiza nimsaidie atumie aliyojifunza. Na anatafutwa mkuu wa huduma zote. Kiti kile ni changu. Roho inaniuma mpaka chai haishuki.

Jumatano, 6 Machi
Kumsaidia nitamsaidia. Nimemkabidhi wapiga pasi. Hawasalimiani, na kwa ubishi hawajambo. Mwaka jana nusura wanitoe machozi. Nikamwambia ajifunzie hapo, sitamwingilia hata kidogo. Akanishukuru! Nimelala fofofo.

Jumatatu, 11 Machi
Wapiga pasi wanacheka. Nimewachungulia dirishani. Eti aliwauliza kinachowakera, akawasikiliza. Kumbe ugomvi wote ni meza iliyo karibu na feni. Sasa wanapokezana. Mashuka yamefika wodini mapema, na wauguzi wanamsifu yeye. Feni niliinunua mimi!

Ijumaa, 15 Machi
Nimemwamuru asimame mbele ya wote ataje alipokosea wiki hii. Aibu ingemmaliza. Akataja makosa yake bila kupepesa, wenzake wakamshauri. Mzee mmoja naye akakiri kuunguza shuka. Wakapigiana makofi. Mimi sijawahi kupigiwa makofi humu.

Ijumaa, 22 Machi
Mkufunzi wa mafunzo yale kaja kukagua. Kaniuliza nimemsaidiaje. Nikasema kweli tupu, nikidhani namchongea: nimempa kazi ngumu kuliko zote, nimekaa pembeni, namsimamisha aseme makosa yake hadharani. Mkufunzi akanishika mkono kwa mikono miwili. Akamgeukia mkurugenzi: "Mabosi wote wangekuwa kama huyu, mafunzo yetu yasingeishia kwenye begi."

Mkurugenzi akakubali. Kisha akampa msaidizi wangu kile kiti cha mkuu.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kikulacho ki nguoni mwako. Akasema kinachonila mimi ni kijicho, na nguo hazihusiki.

Jumatatu, 25 Machi
Bosi mpya kaniita. Heshima tele, "shikamoo" juu. Fundi wa mashine sasa ndiye msaidizi wangu, naye anakwenda mafunzoni. Bosi anataka nimsaidie akirudi, eti kazi hiyo hakuna anayeiweza kama mimi.

Fundi yule namwona tu, macho yake yako kwenye kiti changu. Lakini mimi siumwi na nyoka mara mbili. Nimeshapata pa kumtupa: wabeba nguo chafu, wakaidi kuliko wapiga pasi. Nitamwachia wote. Na sitamwingilia hata kidogo.