Kimeng'enya Nilichokiruka

Jumatatu, 4 Machi 2024
Ushindi! Dkt. Mutesi kaja hapa Rubondo, kambini kwetu wakimbizi, kutoka maabara yake ya Mbarara, anatafuta watu wa kutoa damu. Mkalimani wa Kiswahili ni mimi, Modeste. Mshindani wangu Venuste kapewa Kirundi. Atajua hajui.

Daktari akaeleza kanisani kwamba ndani ya damu ya binadamu kuna kimeng'enya kilichobeba minyororo ya sukari. Watakata mnyororo pingili kwa pingili, wajue umeungwaje. Kimeng'enya! Nani Rubondo anajua kimeng'enya? Neno hilo nikaliruka. Nikasema watakata sukari iliyomo kwenye damu.

Wakajitokeza arobaini na mmoja. Venuste kaeleza nusu saa nzima, kapata wanne.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Daktari kagundua kwamba karibu wote niliomletea wanaumwa sukari, na yeye anataka wazima. Akaniuliza niliwaambia nini hasa. Nikamjibu, yale yale uliyosema. Akawarudisha nyumbani.

Yaya Eugénie, dada yangu mkubwa, naye mmoja wao, akalia. Ana kidonda kwenye kidole cha mguu tangu Krismasi. Sipendi kumwona akilia. Nikamwandikisha kwa jina la jirani yetu Chantal, asiyeugua hata mafua. Chupa ya damu yake imekwenda Mbarara. Hakuna aliyeshtuka!

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada Yaya kaniuliza kama aendelee kumeza vidonge vyake. Nikafikiri. Vidonge huku, mkasi wa maabara kule, si vitagombana? Nikamwambia aviache, wenzetu wanakata.

Venuste kasikia. Kanivuta kando, kasema sukari ile si ugonjwa wa sukari, nimweleze daktari kosa langu kabla mtu hajaumia. Wivu mtupu. Nikikiri, kazi anapewa yeye. Sikiri.

Jumamosi, 16 Machi
Mguu wa Yaya umevimba. Unanuka. Nimemwambia ni sukari inayotoka. Niliogopa nilipokuwa nasema, lakini nilisema.

Alhamisi, 21 Machi
Gari la wagonjwa limempeleka Mbarara. Wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi bila kula. Namwonea huruma, na najionea aibu. Alipozinduka alinitazama sana, kisha akaniuliza sababu, polepole:

“Mudogo yangu, ulisemaka batakata sukari. Juu ya nini balikata mugulu?”

Mkalimani mzima, nikainuka kumtafutia maji.

Jumatatu, 25 Machi
Nimepita maabara kwa Dkt. Mutesi. Venuste yupo, sasa ni mkalimani wa lugha zote mbili. Haya. Nikauliza kuhusu chupa ya Chantal. Ilitupwa siku ile ile, damu ilikuwa imejaa sukari.

Ukutani kuna mchoro wao: mnyororo wenye matawi mawili, kila pingili na rangi yake. Daktari kasema kukata kumekwisha. Pingili zote zinajulikana, na kazi inayofuata ni kuunga upya kile kilichokatwa. Venuste akataka kunifafanulia. Nani ana muda?

Kuunga! Nimekimbia mpaka wodini. Nimemwambia Yaya asikitupe kiatu cha kushoto.