Ombi la Kusitisha Kuoga Ghorofani Wakati wa Mvua

Kwako Mjomba wangu mpendwa, Mwenye Nyumba na Mkazi wa Juu,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mkavu na umevaa. Ikikukuta bafuni, nakuomba kwa heshima zote ufunge bomba kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mimi mpwa wako wa huku chini, ambaye mtaa mzima unaniita Injinia (wengine kwa kunitania, lakini si wanaita?), nakuandikia kwa niaba ya mama, ambaye hajanituma. Anaona haya kumwambia kaka yake kwamba maji yake ya kuogea yanakuja kututembelea.

Zamani mvua ikinyesha, uchafu wa bomba kuu la mtaa ulirudi kinyumenyume mpaka bafuni kwetu. Ukatuletea fundi bomba, akaweka valvu kwenye chemba ya maji taka huko nje. Ahsante sana. Valvu ile ni mlango wa upande mmoja: maji yetu yanausukuma yanatoka, ya mtaa yakitaka kurudi yanaufunga. Fundi alinieleza, nami nikaitikia kwa kichwa, kama wataalamu wawili wanaokubaliana. Ila kuna jambo alilolisema wewe ukiwa umeshakwenda kujisifu kwa jirani. Mlango ukifungwa, umefungwa kwa wote. Mvua ikiwa kubwa, ya mtaa hayaingii na yetu hayatoki. Sasa mkioga huko juu, maji yanashuka, yanakuta pamefungwa, yanageuka na kuchomoza kwenye tundu la bafu letu. Hata mimi niliyeachana na shule kwa kutoelewana na hesabu, hili nimelielewa.

Malalamiko yangu:

1. Mvua iliyopita ulioga huku unaimba. Sauti ilitangulia kushuka, povu likafuata. Harufu ya sabuni ni ile yako, usibishe.

2. Mkaza mjomba alifua mapazia. Nilipomsihi aache, alinijibu dirishani kwamba valvu imeshawekwa, tuache kudeka. Namheshimu sana, ila habari za maji yeye anajua yanakoanzia tu. Yanakoishia tunajua sisi.

3. Binamu yangu aliosha nywele. Sisemi mengi. Nilizozitoa kwenye tundu kwa mikono yangu hii zingetosha kumsuka mtu mwingine.

4. Hili ndilo zito. Mama amemshonea bibi harusi gauni jeupe, linachukuliwa Jumamosi. Limetundikwa ukutani karibu na bafu, na pindo lake nusura liguse sakafu. Povu lenu mara ya mwisho lilifika kizingitini. Ni gauni la harusi la kwanza kwa mama, Mjomba. Likiharibika, nani atamwamini tena na kitambaa cheupe? Nilimwambia tulilete kwenu, akakataa katakata: eti mkaza mjomba atalijaribu, na zipu nayo ina uwezo wake.

Kwa hiyo naomba mambo machache tu. Mvua ikinyesha, huko juu pasiwe na kuoga, kufua wala kuflashi choo. Kwa kuwa mvua huanza na wingu, wingu likionekana sabuni zote ziletwe kwangu nizitunze. Kwa kuwa mawingu mengine huja ghafla, wageni wenu waje wakiwa wameshaoga makwao, na wasikaribishwe chai, maana chai nayo lazima itoke. Na kwa kuwa najua hamtaweza yote hayo, njia nyepesi ni nyinyi mhamie chini na sisi tupande juu mpaka mvua ziishe. Nimeshachagua chumba. Ni kile chako, chenye feni.

Nisalimie mkaza mjomba, binamu, na yule mgeni wenu ambaye sura yake siijui ila dawa yake ya meno naifahamu vizuri.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, ninayekuombea afya njema na uvivu wa kuoga,

Injinia wa Chini

Nyongeza: Barua hii naileta mwenyewe. Mvua imeanza, mama ameingiwa na hofu na amekubali gauni lipande kwenu. Nikishaipenyeza chini ya mlango wako nitasimama hapo nje, mkono mmoja gauni ndani ya mfuko wa nailoni, mkono mwingine taulo langu. Yule binti wa duka la simu amekubali leo nikamsalimie, na mimi tangu asubuhi nilikuwa nachungulia chemba, basi unajua ninavyonukia. Nifungulie upesi Mjomba. Gauni likishakuwa juu, mtu kuoga mvua ikinyesha sioni tena kosa lake. Nianze mimi.