Video ya Kufukuza Ndege Inasubiri Mhuri

Kwa niaba ya Ofisi ya Kuratibu Usambazaji wa Video za Kushangaza, Kanda ya Arua na Koboko, nina furaha kutangaza kwamba kikao chetu cha kwanza kinaendelea vizuri sana na hakijaisha.

Mimi ni Kaltumu wa Oli, mjumbe anayewakilisha mabibi. Mwenyekiti wetu ni Mheshimiwa Siraji, mtu mwema, anayefuta kiti changu kwa kitambaa chake kabla sijakaa. Katibu ni Tongun, ndiye anayeshika mhuri. Ofisi iliundwa baada ya Mwenyekiti kugundua kwamba watu wanatumiana video ovyo: leo baiskeli ya mianzi, kesho mtu anayechora na kompyuta, na hakuna aliyeuliza kama jambo lenyewe linashangaza kwa kiwango kinachotakiwa. Tangu hapo, video yoyote ya kushangaza inayotoka Arua kwenda Koboko lazima itazamwe kwanza na kamati nzima, kisha simu ipigwe mhuri mgongoni. Atakayetuma bila mhuri, simu yake italala ofisini.

Video ya kwanza kuletwa ilikuwa ya Night, binti wa hapa Oli anayetengeneza redio. Night alichukua mapanga ya feni iliyoungua, akayafunga kwenye mti pamoja na makopo ya maziwa na koti kuukuu. Upepo ukija, makopo yanalia na mkono wa koti unainuka kama mtu anayeomba nafasi ya kusema. Ndege wakiona hivyo wanaondoka. Video ilikuwa inakwenda Lobule, kijiji cha Koboko, kwa mdogo wangu Mariam Poni, ambaye mtama wake ulikuwa umeanza kuiva na ndege wameanza kuula. Mtama huo ndio chakula chake mpaka mavuno mengine. Jirani yake ana simu kubwa, angemwonyesha namna ya kufanya.

Kabla ya kuanza, Mwenyekiti aliomba mapendekezo ya taratibu. Nikasema kwamba kwetu, mtu akiwa anaongea na wewe, huinuki ukamwacha. Na huyo wa kwenye video naye ni mtoto wa watu. Wote wakaona ni jambo la adabu. Likapitishwa: kikao hakifungwi, wala mhuri haupigwi, mpaka simu imalize kusema.

Video ya Night ilikuwa fupi, ikatupendeza wote. Tongun akaupulizia mhuri pumzi. Hapo simu, bila kutumwa na mtu, ikaleta kijana wa nchi ya mbali. Akatusalimia, tukaitikia. Alikuwa anafungua sanduku la simu mpya. Akafurahi, nasi tukafurahi naye. Alipomaliza akaja mzee aliyeunda mkono wa chuma unaomenya mayai, akampa mke wake yai la kwanza, jambo lililonigusa. Halafu akaja paka anayepiga kinanda.

"Mheshimiwa," Tongun akauliza, "hizi si video nyingine?"

"Mazungumzo ni yaleyale," Mwenyekiti akasema. "Wasemaji tu ndio wanapokezana."

Basi tukaendelea. Tulikula kwa zamu, tukaswali kwa zamu, tukalala kwa zamu. Tongun alijaribu kutangaza dharura ili atoke kula chapati ya mayai nje ya zamu yake, kwa hiyo Mwenyekiti akapitisha kwamba kikao kimoja kina dharura moja tu, na hiyo ni ya Mwenyekiti.

Mariam Poni akaipigia simu yangu ndogo.

"Dada, ndege iko nakula. Mimi napiga debe toka asubuhi, mkono iko nauma. Video wapi?"

"Tumeshaitazama. Ni nzuri sana."

"Basi tuma."

"Bado paka anapiga kinanda."

"Ambia hiyo paka ije huku. Itasaidia na ndege."

Night alikuwa kwenye benchi la nje, akasikia. Hakubishana na mtu. Akatia mapanga na makopo ndani ya gunia, akapanda gari la Koboko. Sheria ilikataza kutuma video. Haikusema kitu juu ya kwenda mwenyewe. Jioni Mariam Poni akapiga tena, anacheka: ndege wamehama wote, na Night amekataa kuku wa asante, amekunywa maji tu.

Nililia kidogo kwa furaha. Mwenyekiti hakufurahi. Akasema huo ni usambazaji kwa miguu, akatumia dharura yake palepale: mtu au kitu chochote kinachoonyesha yaliyomo ndani ya video nacho ni video, na hakitasogezwa bila mhuri.

Night aliporudi, Tongun alimweleza kwa upole kwamba yeye sasa ni video. Akauliza kama video inaruhusiwa kwenda nyumbani kupika. Ikaonekana nyumba yao iko hapahapa Arua, si Koboko, akaruhusiwa.

Kesho yake ikalia simu ya Mwenyekiti. Ilikuwa Latifah, mke wake, anayelima Lobule, shamba linalopakana na la mdogo wangu. Sauti yake tuliisikia wote.

"Baba Shakira, ndege ya Poni yote iko kwetu. Imekuja na wenzake."

Mwenyekiti akasimama, akakaa. Mariam Poni, ambaye hana kinyongo, akapiga kusema atamwazima Latifah kile kifaa mara moja. Tongun akatukumbusha kwamba kifaa ni video. Night naye alikuwa mlangoni na gunia jipya begani.

"Mzee, mimi naweza kwenda saa hii."

Mwenyekiti akamtazama Tongun. Tongun akatazama chini. "Huyu pia ni video, Mheshimiwa. Na dharura yetu tumeshaitumia."

Kwenye simu, dada mmoja alikuwa ameanza kufundisha kutengeneza taa kwa chupa ya maji. Alikuwa ametuita marafiki zake, na alisema atakwenda polepole ili asimwache mtu nyuma.

Mwenyekiti akasogeza kiti karibu na changu, akaninong'oneza, "Bibi Kaltumu, si tuizime tu?"

Nikamfunika kwa kanga yangu, nikamsogezea chai.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Mtoto wa watu bado anaongea."