Mtoto Asiyenililia Getini

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya Vitendo imeanza kwenye chekechea ya binti yangu. Hakuna kuimba irabu ubaoni wiki nzima. Mikono tu! Mwalimu alipoomba mzazi mmoja wa kujitolea kumsaidia darasani, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuomba. Mimi fundi redio, sina bosi. Wateja wangu wamezoea kungoja.

Sababu ya kweli naiandika hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka. Binti yangu Kidoti hanililii tukiagana.

Miaka minne tumeshinda wote kibandani nyuma ya nyumba, mama yake akiwa zamu hospitalini. Usingizi wake ameulalia kwenye boksi la spika. Chakula chake amekilia gotini kwangu. Basi siku ya kwanza ya shule nilifunga kibanda, nikaweka leso mfukoni, nikajiandaa kwa kilio. Akaniachia mkono getini, akaingia. Hakugeuka! Hata shingo! Nilibaki na leso yangu mpaka mlinzi akanisogeza apate kufunga. Tangu hapo ni hivyo hivyo kila asubuhi.

Anayenimaliza ni Mama Mapacha. Wanawe humng'ang'ania getini, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule, wanalia mpaka wapita njia wanasimama. Na bado analalamika! Leo kaniambia eti nina bahati, wangu kakomaa. Nikatabasamu. Moyoni nilitamani walau mguu mmoja.

Somo la leo lilikuwa mchanga na maji. Nikakaa kwenye kakiti kao, magoti usawa wa masikio, karibu kabisa na Kidoti ili akumbuke utamu wa kukaa nami. Akaniambia nihame, nimekaa mtoni. Nikahama. Kumbe huko nako ni ziwa. Nimerudi nyumbani viatu vinachuruzika.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya leo: huruma. Jana Kidoti akipanda kitandani nilimwambia kwamba yeye akiwa shule, baba hubaki kibandani peke yake, kimya, akizitazama ndala zake ndogo. Nilitumia ile sauti ya matangazo ya vifo redioni. Akafikiri kidogo. Akanishauri niwashe redio, si ninazo nyingi? Kisha akalala fofofo. Mimi nilihesabu mabati.

Darasani, kufinyanga unga. Mwalimu akasema kila mmoja afinyange mtu anayempenda. Moyo ukanilipuka! Kidoti akafinyanga mtu mwenye tumbo. Tumbo la haja. Sikukasirika, tumbo langu nalijua. Mama Mapacha alikuwa bado dirishani akiwachungulia wanawe, nikamwita aje ashuhudie. Kidoti akamvisha mtu wake kofia. Akamshikisha rungu. Nikamuuliza kwa upole, huyu nani?

Mlinzi wa geti!

Yule yule anayenifungia geti usoni! Mama Mapacha alicheka mpaka akaushika ukuta. Baadaye, katika kusaidia kufuta meza, kiganja changu kilimtelezea yule mlinzi wa unga tumboni, akawa bapa. Ajali tu. Kidoti akamfinyanga upya, tumbo kubwa zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Huruma imekataa, basi sifa. Nilimshawishi Mwalimu kwamba baada ya kupanda maharage kwenye vikopo, watoto wafungue redio kwa mikono yao. Fundi nitakuwa mimi. Niliiona picha yote kichwani: watoto midomo wazi, Kidoti akinyanyuka kusema huyu ni baba yangu, na kesho asubuhi, tukiagana, kilio!

Nikabeba redio iliyokuwa juu mezani. Nikagawa bisibisi. Sijapata kuona kazi ya kasi namna ile. Redio ilibaki mifupa. Nikapigiwa makofi, na Kidoti akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu alipoacha kushinda kibandani. Nikatoka nje kidogo kupenga kamasi.

Kurudi ndani, skrubu hakuna hata moja. Watoto wamezipanda! Kila kikopo, haragwe na skrubu zake, na maji wameshamwagilia. Aliyewaongoza ni Kidoti. Alinieleza kwa utulivu kwamba zikiota tutapata redio ndogo ndogo, na mimi nitaacha kuhangaika. Nilitaka kufoka. Mtoto ananifikiria! Ila ananifikiria bila kunikosa, na mimi nataka anikose.

Mwalimu amekataa vikopo vichimbuliwe. Kasema, "Mzazi, tuheshimu kazi ya watoto." Redio yenyewe si yangu, ni ya jirani mstaafu. Nimemwambia kipuri kimeagizwa mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Usiku nimegundua kosa langu. Nimejirahisisha! Nani atamlilia mtu aliyekaa naye kiti kwa kiti? Dawa ni kupotea. Asubuhi nikamtangazia Kidoti getini kwamba leo siingii, ndiyo basi, tutaonana Mungu akipenda. Akanipungia mkono akiwa ameshaondoka.

Nikazunguka ua wa nyuma, nikajibanza kati ya tangi la maji na dirisha la darasa ili nimsikie akiniulizia. Nikasubiri. Wakaimba. Wakacheka. Jina langu halikutajwa.

Sikujua kwamba somo la leo ni kupapasa. Watoto walifungwa vitambaa machoni, wakatolewa nje kugusa vitu na kuvitaja: jani, tofali, kamba. Mstari ukakunja kona, ukanikuta nimechuchumaa. Mwalimu akasema "Mzazi" mara moja tu, kwa namna ya kunimaliza. Halafu, kwa kuwa Mwalimu hapotezi kitu, akaniunganisha kwenye somo.

Wakanipapasa kwa zamu. Nikawa gunia, nikawa mbuzi. Ikafika zamu ya Kidoti. Nilizuia pumzi. Vile vidole vidogo vilipita kwenye paji la uso, pua, ndevu. Nilijua atanijua, mashavu haya si ndiyo aliyoyavuta tangu hajaota meno? Akatamka kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: burashi ya viatu.

Mwenzangu unayesoma, kama upo, iliniuma. Nimecheka na wote, lakini iliniuma.

Wa mwisho alikuwa mmoja wa wale mapacha, yule mwenye kamasi. Aliushika mguu wangu, akaukumbatia, akagoma kuuachia. Niliacha mkono wangu juu ya kichwa chake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 7 Machi

Makubwa! Baada ya kituko cha jana Mwalimu kasema msaada wangu unatosha, kwa hiyo leo sikuingia darasani. Asubuhi getini pacha mwenye kamasi alimwacha mama yake akaja kuuganda mguu wangu, kilio juu. Mama Mapacha akabaki na mguu mmoja mtupu. Uso wake! Nikasema kwa sauti, jamani, niache niende, baba ana kazi. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo tangu shule ifunguliwe. Suruali iliniloa mpaka gotini, na sikujali. Halafu nikaona aibu. Kilio kile si changu.

Hapo ndipo Kidoti, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akageuka. Akageuka! Akarudi mbio mpaka getini. Leso ikatoka mfukoni. Nikapiga magoti, nikafungua mikono.

Akanipita. Alimfuata pacha. Akamshika mkono, akamwambia, "Twende bwana, usilie. Huyu huwa anarudi. Kila siku anarudi tu." Wakaingia wote wawili. Mlinzi akaniomba ninyanyuke afunge geti.

Nimeyafikiria maneno yale kutwa nzima, bisibisi mkononi, sijagusa redio hata moja. Huwa anarudi. Machozi yalinilenga. Hatimaye nimeelewa tatizo lilipo: narudi! Tena mapema! Mchana nikaamua kuchelewa. Nilipanga nikae dukani kwa muuza soda mpaka ua mzima ubaki mtupu. Sijui miguu ilikuwaje. Geti lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza, mbele ya Mama Mapacha.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna shule. Kidoti kashinda kibandani kwenye boksi lake la spika, ingawa siku hizi miguu inabaki nje. Nimefurahi mpaka nikaogopa. Nikamuuliza, kwa mfano tu, Jumatatu baba akichelewa itakuwaje. Atangoja. Na nikichelewa sana? Atangoja na mlinzi. Na giza likiingia? Akaacha kuchora, akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayegonga redio kwa kofi. Akasema basi nije na tochi.

Nimekasirika. Sasa ni lazima nichelewe! Nimemwomba mke wangu Jumatatu anifungie humu kibandani kwa kufuli, funguo akae nazo yeye, asinifungulie hata nikimwangukia miguuni. Amekubali haraka mno. Amesema ataipata siku yake ya kupumzika.

Kidoti amelala. Nimelipima dirisha la kibanda. Nikitanguliza kichwa, natosha.