Kichwa cha Osoro

Jumanne, 12 Agosti

Siku njema kuliko zote tangu nifungue duka langu la kinyozi hapa Kebirigo. Osoro anarudi! Osoro wetu, bingwa wa mita elfu kumi, niliyemnyoa mara ya kwanza akiwa amekalia ubao juu ya kiti kwa sababu hakufika kwenye kioo. Mapokezi ni Jumapili ya tarehe 24. Nami nitakaa meza kuu.

Miaka ishirini na miwili nimetazama sherehe za hapa nikiwa nimesimama nyuma, karibu na sufuria. Meza kuu hupangwa na Obadiah, karani mstaafu wa chai, katibu wa kila kamati, ambaye kiti chake hakijawahi kuhama. Leo nimembana. Nilimuuliza kama anayemkabidhi bingwa zawadi ya kijiji hukaa meza kuu. Akakiri kwamba ndivyo. Nikamwambia zawadi ninayo: kichwa cha Osoro, cha jiwe la Tabaka, lile laini la kuchongea, mara mbili ya kichwa chenyewe! Akaniandika kwenye orodha yake. Raha iliyoje.

Fundi Masese amefika kutoka Tabaka na jiwe lake. Atalala kwetu hadi mapokezi yapite. Malipo ni mbuzi wa Loice, yule jike wa madoa, na tayari amepelekwa. Loice, mke wangu, hajui bado. Nitamwambia wakati ufaao.

Jumatano, 13 Agosti

Kichwa kinatoka! Masese huanza kwa panga, halafu patasi, halafu kisu, mwishowe msasa ndani ya beseni la maji. Masikio yamechomoza vilevile kama ya Osoro. Nywele nimesimamia mwenyewe. Mimi ni kinyozi, kichwa nakijua. Loice analalamika kwamba Masese anakula ugali wa watu watatu. Mbuzi hakumuulizia.

Alhamisi, 14 Agosti

Balaa! Kila simu ya Kebirigo ina video. Osoro yuko kwenye karamu Nairobi, anavuta bangi, anacheka, anapuliza moshi. Ni yeye. Masikio yale hayana pacha.

Redio inasema haikuwa siku ya mashindano, kwa hivyo medali inabaki yake. Kebirigo hakuna aliyeuliza habari za medali.

Duka lilijaa watu, hakuna aliyekuja kunyolewa. Mmoja akasema kumbe ndiyo maana anakimbia hivyo. Purity muuza ndizi akamjibu kutoka mlangoni kwamba kama bangi huleta mbio, shemeji yake angekuwa na medali tisa, na mtu huyo hajawahi kuwahi hata chakula. Kwenye kituo cha kupimia majani chai kina mama wamegawanyika. Nusu wanalia, nusu wanataka kuiona video tena. Cleophas wa maziwa, aliyempa ndama wake jina la Osoro, sasa anamwita Ndama tu. Vijana sita walitaka kunyolewa kama Osoro wa kwenye video. Nilikataa kabisa, kwa msimamo. Saa kumi nikawanyoa.

Mama Osoro hakuonekana sokoni. Nilipita kwake jioni. Mlango ulikuwa umefungwa, kuku wanahangaika nje. Iliniuma.

Ijumaa, 15 Agosti

Obadiah amekuja uso ukimeremeta. Mapokezi yamefutwa. Badala yake kutakuwa na mkutano wa nidhamu ya vijana, na mgeni rasmi ni mheshimiwa, mwakilishi wa wodi yetu kwenye kaunti. Meza kuu ipo, ila uso wa Osoro hautakiwi. Nikafikiri haraka. Nikasema zawadi si ya Osoro, ni ya mheshimiwa. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu mwanzo.

Mheshimiwa hana nywele, na masikio yake ni madogo. Masese ameondoa. Kazi safi!

Jumapili, 17 Agosti

Mheshimiwa ameharibu! Ameandika mtandaoni kwamba watu wamhurumie Osoro, maana hata yeye alionja akiwa chuoni. Alidhani vijana watampenda. Kufikia mchana kina mama wa chai walikuwa wamemtoa kwenye mkutano, kwenye maombi na, kwa maneno ya Purity, kwenye uchaguzi ujao. Mgeni rasmi sasa ni Ondieki, mzee wa kanisa letu la Wasabato, ambaye haonji hata chai, ingawa analima ekari tatu za chai.

Mzee Ondieki ana uso mwembamba. Masese ametoa mashavu.

Jumanne, 19 Agosti

Nilimwalika Mzee Ondieki aje aone sura yake. Kosa kubwa. Alikitazama kichwa muda mrefu, nikadhani ameguswa. Kisha akanikumbusha taratibu amri ya pili, ile ya sanamu za kuchonga, na akaniombea palepale nikiwa na mkasi mkononi. Dakika ishirini! Mteja wangu alibaki amenyolewa nusu, macho amefumba, hadi amina.

Nikamuuliza Masese ni nini kinachoweza kutoka kwenye kilichobaki na kisifanane na mtu. Akasema kiboko, watalii huwapenda. Amechonga viboko tangu darasa la tatu. Alimmaliza kabla ugali haujaiva. Kiboko mzuri, anang'aa, ukubwa wa kiatu.

Nimeridhika. Kiboko hawezi kutokea kwenye video.

Alhamisi, 21 Agosti

Loice ameuliza mbuzi yuko wapi. Nikasema ameenda Tabaka. Akauliza kufanya nini. Sasa nalala sebuleni na Masese, na Masese anakoroma.

Jumamosi, 23 Agosti. Sabato

Kanisa lilikuwa limejaa. Katikati ya ibada Osoro akaingia na mamake. Hakuvaa miwani ya jua wala koti la timu ya taifa. Akaomba kusimama mbele, na Mzee Ondieki akamruhusu.

"Nilivuta," akasema. "Haikuwa mara moja. Nimeacha, lakini niliona haya kuja nyumbani. Leo msiniite bingwa."

Basi. Akasimama hapo mikono ikining'inia, anangoja. Kwetu mtu akitubu mbele ya kanisa, asipoinuka mtu kumpa mkono hutoka peke yake, na hiyo njia ya kwenda mlangoni ni ndefu. Mamake alikuwa ameinamisha kichwa. Wa kwanza kuinuka alikuwa Mzee Ondieki. Kisha tukapanga foleni kanisa zima kumshika mkono, mmoja mmoja, hadi wale vijana sita niliowanyoa. Mimi nililia. Sioni haya kuandika.

Nje Obadiah akanivuta kando. Mapokezi yamerudi, kesho saa tano. Mama Osoro alisikia habari za kichwa tangu siku ya kwanza na ndicho anachotaka kukiona. Mzee Ondieki ameahidi kwamba kikifunuliwa, yeye ataangalia upande mwingine. Kwa hivyo kichwa kiko wapi?

Nilisema kinapigwa msasa.

Jua lilipotua na Sabato kuisha, nilimwendea Masese mbio. Nikamwomba akirudishe kichwa cha Osoro. Akamgeuzageuza yule kiboko mkononi.

"Mzee, mimi natoa tu," akasema. "Kurudisha sijui."

Jumapili, 24 Agosti

Nilimfunga kiboko kwa mablanketi mawili na shuka ili aonekane mkubwa. Watu mia nne na zaidi! Obadiah akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa ni kichwa cha bingwa wetu. Mzee Ondieki akageuka upande mwingine. Mama Osoro akafungua blanketi la kwanza. Akafungua la pili. Akafungua shuka.

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikasema ukweli wote: nywele, mashavu, amri ya pili, hata mbuzi. Sijawahi kusema ukweli mrefu namna hiyo. Loice alikuwa mstari wa tatu.

Osoro, ambaye tangu utotoni huniita tata, yaani baba, akanitazama. "Kwa hivyo, tata Ogeto, siku hizi kumi nimekuwa mheshimiwa, nikawa mzee wa kanisa, sasa mimi ni kiboko?"

Nikakubali kwamba ndivyo.

Aliyeanza kucheka ni mamake. Alicheka hadi akashika meza. Osoro akafuata, kisha uwanja mzima, hata Mzee Ondieki, ambaye aligeuka kidogo kuona kinachochekesha. Mama Osoro akamkumbatia yule kiboko kifuani na hakumwachia mtu hadi jioni. Alisema mtoto wake amerudi, na hajali amerudi akiwa na umbo gani.

Na nikakaa meza kuu! Kiti cha mwisho kabisa, nusu yangu ikiwa nje ya hema. Saa nane mvua ikaja, ikaninyeshea bega la kushoto. Obadiah alikaa pakavu. Haidhuru. Meza kuu ni meza kuu. Cleophas amepita akimwita ndama wake Osoro tena.

Jumatatu, 25 Agosti

Asubuhi njema. Redio imesema Sharon wa Nyamache amechaguliwa kwenda kukimbia ng'ambo. Msichana mpole, mwimbaji wa kwaya, hata simu yake haina kamera. Atarudi na medali, Nyamache watafanya mapokezi, na Nyamache nao wana meza kuu. Obadiah huko hana kamati.

Nimezungumza na Masese kabla hajaondoka. Malipo ni beberu wa Loice, aliyebaki peke yake zizini. Nitamwambia wakati ufaao.

Mtu asidhani sijifunzi. Nimekaa na kutafakari kosa letu la safari hii, na nimelipata. Jiwe lilikuwa dogo. Nimemwagiza Masese alete la kutosha watu wanne na kiboko.