Meza ya Kanengo na Mafuta ya Rosalie

Jumatatu, 13 Januari 2014
Msiba! Nimefungua karakana, meza yangu ina kutu. Meza ya chuma, kubwa kuliko zote za wakimbizi hapa kambini Dzaleka, niliyoileta kwa lori kutoka Kanengo, Lilongwe! Mvua inapiga tangu Noeli, bati linavuja, nami nilidhani chuma kinajilinda chenyewe. Na Ijumaa anakuja Mama Marguerite wa kamati ya ujenzi, kuchagua fundi wa milango na madirisha yote ya kanisa jipya. Kazi ya mwaka mzima! Tunaoitaka ni wawili: mimi na jirani yangu Épitace, mtu wa Fizi kwetu Kongo, anayechomea vyuma huku akiimba. Meza yake ni ndogo kama kitanda cha mtoto. Inang'aa. Sijui kwa nini.

Jumanne 14
Nimekwenda Lilongwe, kwa yule mzee wa Kanengo aliyeniuzia meza. Akanieleza kwa kirefu: nisugue kutu, nikaushe kabisa, kisha nipake mafuta membamba ya mashine. Nikasema zikomo, asante ya huku Malawi. Kopo lilikuwa tayari mkononi mwangu, ndipo akili ikanijia. Mafuta ni mafuta! Nyumbani mke wangu Rosalie ana sufuria nzima ya mawese. Nikalirudisha kopo. Mtu aliyesomea ufundi Bukavu hadanganywi na muuza makopo.

Jumatano 15
Nimepaka. Kwa ukarimu: juu, chini, na miguu yote minne. Kusugua sikuona haja. Halafu nikaifunga meza yote kwa shitingi ya plastiki, unyevu usiingie. Épitace akachungulia juu ya ua, akauliza: “Sasa iko atelier ao restaurant?” Eti karakana au mkahawa! Wivu huo! Jioni Rosalie akatafuta mawese yake. Nikamsaidia kutafuta.

Alhamisi 16
Loo! Rosalie ameyaona. Alisimama mlangoni mwa karakana, mikono kichwani, bila neno, jambo ambalo sijaliona tangu tufunge ndoa. Kumbe ndiyo mafuta aliyokaangia samaki wa chumvi, akayaweka kwa ajili ya maharagwe ya Jumapili. Maneno yalipomrudia yalikuwa mengi. “Chumvi juu ya chuma! We ulisomaka nini ku Bukavu?” Nikamweleza kwamba chumvi huhifadhi samaki, basi na meza itaihifadhi. Akabeba sufuria yake, akaenda nayo nyumbani.

Ijumaa 17
Siamini. Mama Marguerite alifika na mkoba mweupe. Nikaifunua shitingi kwa madaha. Maji yakatiririka! Kumbe chuma kikifunikwa hutoka jasho! Meza nzima nyekundu, huwezi kujua wapi ni kutu na wapi ni mawese. Chini yake paka watatu, wanalamba miguu ya meza. Kabla sijafungua kinywa, mama akatua mkoba wake juu ya meza. Alipouinua nilitamani ardhi inimeze. Akauliza, polepole sana, kama mtu anayeshindwa kutunza meza ataweza nyumba ya Mungu. Nikasema ni mvua. Akaenda kwa Épitace. Paka mmoja akaufuata mkoba.

Jumapili 19
Kazi kapewa Épitace. Imetangazwa kanisani, mbele ya watu wote. Mkoba wa Mama Marguerite bado unanuka samaki. Benchi lake lilikuwa na nafasi nyingi. Nimeumia, sifichi. Mwaka mzima! Rosalie amekula maharagwe bila mafuta, eti hawezi kula mafuta yaliyochovywa brashi ya karakana, akanipa mgongo.

Kisha likaja la kunishtua kuliko yote. Baada ya ibada Épitace alinishika bega, akasema madirisha ni mengi, hatayaweza peke yake, nije kesho tufanye kazi pamoja kwenye meza yake. Épitace! Machozi yalinilenga palepale, watu wakiona.

Fadhila kama hii hailipwi kwa asante tupu. Kesho nitawahi kabla hajaamka, niipake vizuri ile meza yake ndogo. Nimechungulia sufuria ya Rosalie. Yamebaki ya kutosha.